Saa nane ipi? Kemo, vitumbua na saa ya mwili

Mimi nauza vitumbua Mbagala, huu mwaka wa kumi na mbili, na mtu wa vitumbua usingizi wake sio wa watu. Mchele naloweka mchana, jioni nasaga, nachanganya na tui, hiliki na hamira nafunika, saa mbili usiku nishalala. Saa nane usiku naamka kuwasha mkaa, ikifika saa kumi na moja alfajiri ndoo mbili zimejaa na watu wa daladala washaanza kuuliza. Naanza na hilo kwa sababu hiyo saa nane ndo ilokuja kunichanganya kwenye dawa za kansa, na mpaka leo nikikumbuka nacheka huku roho inaniuma.

Nilipasuliwa utumbo mpana wakatoa uvimbe, majibu yakarudi kwamba umeshafika kwenye tezi za limfu, hatua ya tatu. Kidonda kilipopona dokta akasema kemo, zile dawa kali za kansa, saiko nane yani mizunguko minane, kila saiko siku 21. Siku ya kwanza unatundikiwa dripu ya oksaliplatini masaa mawili, afu unaenda nyumbani na vidonge vya kapesitabini vya siku 14, asubuhi vitatu na usiku vitatu, unameza ndani ya nusu saa baada ya kula, ukimaliza unapumzika wiki unarudi tena. Akanieleza vizuri kabisa na mimi nikaitikia ndio dokta ndio dokta, lakini jamani ukishaambiwa kansa masikio yanaziba, nilitoka pale nakumbuka neno siku 14 tu.

Sasa dirisha la dawa dada wa watu akanipa bahasha kaandika kwa peni "3 x 2, saa 8 na saa 8". Yeye alimaanisha saa ya kizungu, yani saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mimi nikasoma saa nane. Na mtu mwingine angeshtuka, dawa gani ya kuamkia saa nane usiku, lakini mimi saa nane si ndo saa yangu ya kuamka? Nikaona wamenifikiria kweli, wamejua mama huyu anaamka saa hizo. Kwahiyo kila saa nane usiku nawasha mkaa, nameza vidonge vitatu na chai ya rangi tupu, tumboni hamna kitu, maana nani anakula ugali saa nane usiku. Afu saa nane mchana vingine vitatu baada ya chakula.

Siku ya nane ya dawa mdomo ukaanza kuwaka. Vidonda kwenye ulimi, kwenye mashavu kwa ndani, hata maji yenye chumvi ya kusukutua nilikua nasukutua huku machozi yananitoka. Kichefuchefu cha alfajiri sasa, nakaanga vitumbua harufu ya mafuta inapanda, nageuka pembeni natapika, narudi nageuza kitumbua. Binti yangu wa kwanza yuko chuo, alikuja wikiendi akaiona ile bahasha juu ya kabati, akaniuliza mama dawa unakunywa saa ngapi, nikamwambia saa nane na saa nane kama walivoandika. Akakaa chini kabisa kwenye sakafu.

Tulivorudi kliniki dokta hakunigombeza, aligomba na ile bahasha. Akasema cha kwanza hizi dawa zinataka tumbo lenye chakula, pili vidonda vya mdomo vinampata hata anayemeza kwa wakati, kwahiyo hawezi kuniambia ni kwa sababu ya saa nane, mtu mmoja hatoshi kujua. Hilo jibu lilinikera kidogo wakati ule. Nilitaka aniambie ndio, ni saa, ili nipate cha kulaumu.

Ndo binti akaanza kugugo. Na mimi nikaanza, Kiingereza changu cha kuunga unga ila nikitulia naelewa. Tukakuta kumbe swali la saa na kemo sio la kwetu peke yetu, watu wameliuliza zamani sana. Kuna mwanasayansi Franz Halberg wa Minnesota, Marekani, ndo alieleta neno "circadian", yani mzunguko wa mwili wa siku moja, saa ya mwili, mwaka 1959, na 1972 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba panya wenye leukemia, kansa ya damu, wakipewa dawa ya kansa kwa kupandisha na kushusha dozi kufuata saa ya mwili wao, wanaistahimili vizuri kuliko wakipewa kiwango kile kile mchana kutwa na usiku kucha. Ila panya anakesha usiku analala mchana. Nilivosoma hapo nikasema huyu ni mwenzangu.

Afu 1985 kulekule Minnesota, William Hrushesky aliwachukua wanawake wenye kansa ya mifuko ya mayai, dawa mbili, doksorubisini na sisplatini. Wengine wakapewa doksorubisini saa kumi na mbili asubuhi na sisplatini saa kumi na mbili jioni, wengine kinyume chake. Dawa zile zile. Waliopata doksorubisini asubuhi na sisplatini jioni walipata madhara kidogo kuliko wenzao. Mimi hapo nikaweka simu chini, nikamwambia binti unaona sasa.

Kilichonimaliza kabisa ni cha Ufaransa. Francis Lévi na wenzake walitoa majibu yao 1997, wagonjwa 186 wa kansa ya utumbo mpana iliyosambaa, dawa ni oksaliplatini yangu mimi pamoja na dawa nyingine ya kansa inaitwa 5-FU, na hiyo kapesitabini nayomeza ikifika mwilini inageuka kua 5-FU hiyo hiyo. Kundi moja dawa ilitiririka sawasawa muda wote, kundi la pili walifungiwa pampu iliyopangwa, oksaliplatini ikawa inafika kileleni saa kumi jioni na 5-FU saa kumi usiku mtu amelala. Vidonda vikali vya mdomo, lile kundi la sawasawa 76 katika kila 100, lile la pampu ya saa 14. Sabini na sita na kumi na nne! Mtu ambae ametoka kusukutua chumvi huku analia ukimwonyesha namba hizo unafikiri atafanya nini.

Na sababu wanazotoa zinaingia akilini. Ini lina kimeng'enya kinaitwa DPD, hicho ndo kinavunja 5-FU mwilini, na usiku kinafanya kazi zaidi. Upande mwingine seli zinazogawanyika haraka, za mdomoni, za utumbo, za uboho ndani ya mifupa, hizo kemo inazipiga kwa bahati mbaya kwa sababu nazo zinagawanyika kama kansa, na kugawanyika kwake kuna masaa, uboho kwa mfano unashughulika zaidi mchana usiku unapoa. Kwahiyo dawa ikija usiku inakuta mvunjaji yuko kazini na wale wasio na hatia wengi wamepumzika. Ni kama kupita mtaani na moto wakati watoto washaingia ndani.

Saiko ya pili nikaenda na karatasi yangu. Nikamwambia nesi, mwanangu mimi dripu yangu naomba iwe saa kumi jioni. Akaniangalia. Akasema mama, tumefungua saa mbili asubuhi kuna watu 40 kwenye benchi, dawa inachanganywa mpaka mchana, ukianza saa kumi utamaliza saa kumi na mbili, nani atakaa na wewe na daladala gani utapanda na mikono hiyo? Hakua na ubaya, alikua amechoka tu. Nikatundikiwa saa tano na robo, kwa sababu saa tano na robo ndo namba yangu ilifika. Siku nyingine namba ilifika saa tisa. Saa ya hospitali ni foleni, hilo nililijua hata kabla sijaugua, ila nilikua sijawahi kulitazama kama sehemu ya dawa.

Nilichofanya baada ya hapo nakiandika kwa aibu. Nikajisemea dripu siiwezi lakini vidonge viko mkononi kwangu. Saiko ya tatu, siku ya pili na ya tatu, nikaruka vya asubuhi nikameza vyote sita usiku kwa mpigo. Sikumwambia mtu. Usiku wa pili nikaanza kuharisha, nikaharisha mpaka nikawa natembea kwa kushika ukuta, midomo imekauka, binti mdogo ndo alienipeleka kwa bajaji asubuhi. Dokta safari hii aligomba na mimi, sio na bahasha. Akasema vidonge hivyo vimegawanywa mara mbili kwa makusudi, dozi uliyomeza usiku mmoja hakuna alieipima kwa ajili yako, na kuna watu kwa kuzaliwa DPD yao ni ndogo, hao hata dozi ya kawaida inaweza kuwaua, sasa wewe unacheza. Akasimamisha vidonge siku kadhaa mpaka tumbo likatulia.

Wiki hiyohiyo binti mkubwa akanipigia. Akasema mama ile habari ya Ufaransa ina mwendelezo, mbona hatukufika mwisho. Kumbe walirudia kwa watu wengi zaidi, wagonjwa 564, majibu yakatoka 2006. Kwa ujumla umri wa kuishi ukawa hauna tofauti kati ya makundi mawili. Ila walivogawa wanaume na wanawake, wanaume wa ile ratiba ya saa waliishi zaidi, na wanawake wa ile ratiba ya saa walikufa mapema kuliko wanawake wenzao waliopewa kawaida. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nilikua nimekaa kwenye kigoda jikoni, mkaa umezima, na nikawa nafikiria ile karatasi nilompelekea nesi, nilivokua nabembeleza kupewa kitu ambacho kwa mwanamke kama mimi huenda kingenipunguzia siku.

Dokta nilimuuliza kuhusu hilo, akafurahi kwanza nimefika mpaka huko. Akasema hao wote kansa yao ilikua imesambaa, wewe yako imetolewa, kwahiyo hata hapo usijipime nao moja kwa moja. Ila akasema ndo maana hatubadilishi ratiba za wagonjwa hivihivi, saa ya mwili ipo kweli, waliochunguza vinasaba vinavyoiendesha wakapewa tuzo ya Nobeli 2017, shida ni kujua saa yako wewe inasema ngapi. Mwanamke na mwanaume hawafanani, alielala saa mbili na alielala saa saba hawafanani. Akaniuliza, wewe saa kumi usiku unafanya nini? Nikamwambia nageuza vitumbua. Akasema basi, ile pampu ilipangwa kwa mtu aliyelala.

Hapo ndo nilielewa, wallahi. Mimi muda wote nilikua natafuta saa ya ukutani.

Na baada ya kuelewa hivo nikaanza kusoma kwa kutulia. Mfano watoto wa leukemia kule Montreal, 1985 walisema wanaopewa jioni vidonge vyao vya kuzuia ugonjwa usirudi wanaendelea vizuri kuliko wa asubuhi, basi miaka na miaka wazazi wakaambiwa usiku tu, tena bila maziwa, mtoto analazimishwa kuamka. Baadae uchunguzi mkubwa wa nchi za Nordiki, kule Ulaya ya kaskazini, na wa Marekani haukuona kama saa hiyo inabadilisha ugonjwa kurudi, cha maana kilikua dawa inywewe kila siku bila kuruka. Upande mwingine Korea Kusini, Seoul, 2022 wakaangalia wagonjwa wa aina moja ya limfoma, kansa ya tezi za limfu, wanawake waliopata kemo zaidi mchana baada ya saa sita walifanya vizuri kuliko wa asubuhi, wanaume hamna tofauti. Yani hapa mwanamke tena, ila safari hii kwa faida. Kwahiyo mtu akija kukwambia kemo nzuri ni ya usiku, muulize dawa gani, kansa gani, ya nani.

Kitu kimoja cha saa ambacho kilinisaidia waziwazi, na hakikuhitaji pampu, ni deksa. Kabla ya dripu wanakuchoma deksamethasoni ya kuzuia kutapika na wanakupa vya kumeza siku mbili tatu. Ile saiko ya dripu ya saa tisa mchana, deksa nilichomwa saa nane na nusu, na vya nyumbani nikawa nameza jioni, sikulala usiku mbili. Macho kodo, moyo unadunda, nilifua mapazia saa tano usiku. Nikamwambia nesi, yule yule, akasema mama hivo meza asubuhi na cha pili mchana kabla ya saa nane, jioni usiguse. Nikauliza saa nane ipi. Akacheka mpaka akashika meza. Toka hapo nililala, na ukilala kemo yote inakua nyepesi, hata kichefuchefu.

Vidonge nikavipanga na dokta kufuata siku yangu mwenyewe. Kazi ya usiku nikampa binti mdogo, mimi nikawa naamka saa kumi na mbili. Uji mzito au mihogo na chai, saa moja na nusu vidonge vitatu. Wali au ugali saa moja na nusu usiku, vidonge vitatu. Simu inalia mara mbili kwa siku, mjukuu kaniwekea mlio wa jogoo. Na daftari, kila kitu naandika na saa yake, kuharisha saa ngapi, ganzi saa ngapi, homa saa ngapi. Lile daftari dokta alikua analiomba kabla hata hajaniuliza naendeleaje.

Ganzi nayo niiseme. Oksaliplatini haitaki baridi. Siku ya dripu nilinunua maji ya friji kwa joto lile la Dar, nikashika chupa vidole vikapigwa kama shoti ya umeme, nikanywa funda moja koo likajikaza nikahisi nakabwa. Siku tano sita baada ya dripu maji ya uvuguvugu tu, na tui lililotoka kwenye friji nilikua nalichukua na tambara. Afu kapesitabini nayo haitaki moto! Viganja na nyayo vikawa vyekundu vinachubuka, na mimi kazi yangu ni kusimama mbele ya chuma cha vitumbua nageuza kwa njiti, mafuta yanaruka. Mkono mmoja hautaki baridi na huohuo hautaki moto, sasa niushike wapi. Nilipaka mafuta mazito, nikavaa soksi za pamba, nikakaa kwenye kigoda naelekeza kwa mdomo. Binti anageuza vitumbua vinaungua upande mmoja, wateja wakavumilia. Saiko mbili za mwisho dokta akaiondoa oksaliplatini kwa sababu ganzi ilikua haiishi katikati ya saiko, nikabaki na vidonge.

Saiko ya tano, siku ya 12, homa ilinipanda saa sita usiku, kipimo 38.4. Nikamwambia binti nipe panadol tutaenda asubuhi, malaria hii. Akakataa. Alikua kabandika mlangoni karatasi ya hospitali, ikifika 38 njoo muda wowote, kwa sababu siku hizo seli nyeupe ziko chini na kidudu kidogo kinakuzoa. Tukafika saa saba na dakika kumi, nikawekewa antibayotiki ya mshipa usiku ule ule, nikalala siku nne. Dokta wa zamu alisema seli nyeupe zilikua hazifiki hata nusu ya kiwango cha chini.

Nimemaliza mwezi wa tatu huu. Juzi nimeenda kwenye vipimo, kwenye benchi kakaa bibi mmoja katoka Kilwa, kaja na mjukuu mdogo, kashika bahasha. Nikachungulia. "3 x 2, saa 8 na saa 8". Mwandiko ule ule. Nikamwomba bahasha na peni, nikamwambia shikamoo bibi, ngoja nikuandikie vizuri, nikachora jua upande mmoja na vidonge vitatu, nikachora mwezi upande wa pili na vidonge vitatu, na sahani ya chakula kila upande. Akaitazama muda mrefu, akamwonyesha mjukuu, afu akaniuliza, "Mwanangu, sasa hivi vya huku nianze mwezi wa ngapi?"

Nikamwomba ile peni tena.